Baiskeli ya Umeme na Jicho la Mejumaa

Jumamosi, 1 Novemba

Daftari hili lilikuwa la marehemu Abdullah, mume wangu, fundi cherehani. Kurasa za mwanzo zimejaa viuno vya watu. Zilizobaki ni zangu. Skuli sikwenda, nimesoma chuoni tu, chuo cha Kurani, na herufi nizijuazo ni za Kiarabu. Naandika kwa hizo. Mwanangu Nasser amesoma mpaka akavishwa joho, lakini humu hang'amui hata mstari mmoja. Alhamdulillahi. Siri zangu ziko salama.

Habari ya leo: nimepata baiskeli ya umeme!

Si mpya. Ni ya mtumba, imechubuka ubavu, lakini ina kikapu mbele na kiti kipana cha mtu mwenye heshima zake. Pesa sikutoa. Nimebadilishana na Riyadh, yule muuza vikuukuu nyuma ya soko la Marikiti. Yeye kachukua friji yangu, mimi nimechukua baiskeli yake. Ameniambia ilikuwa ya bibi mmoja wa Kizungu, akiipanda Jumapili tu kwendea kanisani. Nami nikamwambia friji yangu haijanipa taabu tangu niinunue. Haigandishi ila uipige teke ubavuni, kwa chini kidogo. Habari ya teke hakuniuliza.

Haya yote ni kwa sababu ya Nasser. Juzi alinikuta nimeketi chini kando ya njia ya Marikiti, kikapu cha mahamri mapajani, nayafokea magoti yangu kwa sababu yamegoma. Akapandisha sauti mbele ya watu. Ati mama una miaka sabini na moja, utakufa barabarani kwa ajili ya mahamri. Ati nifunge jiko, nihamie kwake Nyali, ghorofa ya saba.

Nimewahi kukaa huko. Siku tatu. Hakuna mtu wa kugombana naye! Jirani ukikutana naye kwenye lifti huinamisha kichwa kama anarukuu, akashuka zake. Ukichungulia dirishani waona madirisha. Siku ya tatu nilijikuta naisabahi friji.

Basi tumepeana mkono. Wiki moja. Wapagazi wangu wa Marikiti na Morgan na wenzake, wateja wangu wa ofisi ya kutoa mizigo ya bandarini, wapate mahamri na mbaazi kila asubuhi saa moja, za moto, niwapelekee mimi mwenyewe bila kumsumbua mwanadamu. Ijumaa Nasser akija kula pilau baada ya sala, atauliza. Siku moja tu ikiharibika, nahama.

Baiskeli naijua. Nilipokuwa msichana niliiba ya kaka yangu, nikavaa kanzu yake na kofia yake, nikaizungusha mpaka Makadara. Nilichapwa. Kuchapwa nimekusahau, baiskeli sijaisahau.

Jioni nimeijaribu barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari. Buibui nimelikusanya kiunoni. Wazungusha mshiko wa mkono wa kulia, nayo yanguruma kama paka aliyeshiba, yaenda. Bila mguu! Watu wa mihogo ya kukaanga wamesimama wima. Mmoja ameangusha bakuli la pilipili. Kuna kijana mmoja alikuwa akikimbia kwa ajili ya afya yake. Nimempita. Nimempungia.

Furaha haikufika nyumbani. Mejumaa alikuwa barazani kwake, mkabala na mlango wangu. Huyu ni jirani yangu miaka thelathini na mbili, na hasimu yangu miaka thelathini na mbili. Na yeye auza mahamri. Yake makubwa, ndani upepo mtupu. Mpelekaji wake ni Kadenge, mtu mzima wa Rabai, mwenye mkokoteni, na hajachelewa tangu nimjue. Inaudhi.

Mejumaa ameitazama baiskeli mbele. Ameitazama nyuma. Akasema, "Nzuri hiyo, Bi Badria."

Basi! Hakusema mashallah. Kitu kizuri, mato yake mawili yametua juu yake, na mashallah hakuna. Hilo ni jicho la husuda. Nimeiingiza baiskeli ndani mbio.

Jumapili, 2 Novemba

Nimekwenda kwa Maalim mapema. Ameniandikia hirizi, nikaishona mwenyewe katika kitambaa cheusi.

Swali ni wapi pa kuifunga. Kikapuni itaingia mafuta. Kitini astaghfirullah, haikaliwi. Nimeona pale kwenye mkono wa kushoto, kwenye ule ulimi mrefu wa breki, ndipo jicho la mtu linapotua kwanza. Nimezungusha uzi mara saba, ulimi pamoja na mshiko wake, nikakaza kwa meno. Meno niliyo nayo ni manne lakini yaheshimiwa.

Nimewasha ufunguo nitazame. Taa nyekundu ya nyuma imewaka yenyewe, nzuri, haizimiki. Jana haikuwa hivyo. Hirizi imeshika! Nimezima, nimeichaji mpaka imejaa, nimelala kama mtoto.

Jumatatu, 3 Novemba

Imekufa.

Saa kumi na mbili na nusu. Hotipoti ya mahamri kikapuni, ndoo ya mbaazi imefungwa nyuma, buibui kiunoni, bismillahi. Nimezungusha mshiko. Kimya. Nimezungusha tena. Kimya. Taa ya nyuma tu yang'ara. Nimejaribu kukanyaga kwa miguu, magoti yakanikumbusha umri wao.

Na nani yuko barazani? Mejumaa, na kikombe cha kahawa. Ameniambia pole shoga, ati Kadenge ndiyo kwanza apakia, apakie na yangu. Nimemshukuru kwa sauti ya kumkata. Nimeita tuktuk. Nasser alisema bila kumsumbua mwanadamu. Mimi nimeisumbua tuktuk. Dereva sikumtazama usoni.

Morgan amesema mahamri ya leo ni ya moto kuliko ya kawaida. Kijana wa watu, Mungu ampe mke mnene.

Kisha nikaipakia baiskeli kwenye tuktuk nyingine, gurudumu nje gurudumu ndani, mpaka Makupa kwa Kenga. Kenga ni fundi wa vitu vya umeme, mtu wa Kaloleni, mpole, mikono safi. Aibu yake ni moja: kibanda chake kimegusana ukuta na choo cha kulipia. Sasa hirizi ina maneno ya Mungu. Haiingii chooni, na hata harufu ya choo haifai kuifikia. Nimesimamisha tuktuk kabla ya kufika, nimeifungua, nimeitia kifuani.

Kenga ameigusa betri na mita yake yenye mikia miwili, mmoja mwekundu mmoja mweusi. Akasema betri hii ina nguvu kuliko mimi. Nikamwambia apime baiskeli, asipime watu. Akazungusha mshiko. Ikanguruma!

Kenga akanitazama kwa huruma. Ati mama, hii haijafa. Nikamwambia mimi nimeosha maiti wa mtaa mzima, maiti namjua. Asubuhi ilikuwa maiti.

Basi akaifungua. Fundi hakosi kuona kitu. Ameona kutu kwenye ile plagi inayounga betri na mota, ati upepo wa chumvi wa Mombasa hula shaba. Ameisugua kwa msasa, akaipaka mafuta. Nimerudi nayo kutoka Makupa hadi mjini kwa upepo, nimewapita wenye mikokoteni wote, mmoja kanipigia makofi.

Nimefika kona ya mtaa wetu. Nikasimama, nikaifunga hirizi mahali pake, maana jicho liko mtaani, haliko Makupa. Uzi mara saba. Nikapanda.

Kimya!

Mejumaa barazani. Akaniuliza, "Imechoka?"

Ushahidi gani tena watakiwa? Kwa Kenga yaenda. Barabarani yaenda. Ikifika mbele ya mato ya Mejumaa yafa. Hata kadhi hahitaji shahidi wa pili.

Jumanne, 4 Novemba

Nina akili mimi. Nimepanga jambo.

Kwanza nimeifukiza baiskeli kwa ubani, mota, betri, magurudumu. Nimeifukiza mpaka paka akahama. Pili nimeifunika leso mbili za kujitanda, kama bibi harusi. Tatu nimeitoa kwa mlango wa nyuma, kichochoro cha mitaro, ambako Mejumaa haoni. Leso zote mbili zilikuwa na maneno makali, nilizichagua.

Nimetoka kichochoroni, nimeifunua, nimepanda, nimezungusha. Kimya. Jicho lapita ukuta!

Mvua nayo ikaanguka. Vuli imeingia na mguu wake wote. Tuktuk hakuna hata ya dawa. Saa moja kasoro robo. Nimesimama na baiskeli maiti na mahamri hai, nawaza ghorofa ya saba. Nimeiona lifti. Wallahi nimeiona.

Akatokea Kadenge na mkokoteni, turubai jeusi juu. Kadenge si mtu wa maneno. Akasema tu kwamba Bi Mejumaa amesema mama leta. Nimeleta. Ningefanyaje?

Lakini si mjinga mimi. Ningejuaje hawatayabadilisha njiani, wapagazi wakapewa yale ya upepo kwa jina langu? Nilikwisha kuyatia alama alfajiri, kila hamri kidole gumba mgongoni kabla ya kulitia mafutani. Saa nne nimempigia simu Morgan. Nimemuuliza hamri lako lina kidole? Akaniambia ningoje, akaligeuza. Akasema lina. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ni nakshi.

Mchana kwa Kenga. Hirizi kifuani. Imenguruma pale pale kama yanicheka. Kenga leo ameona fyuzi imelegea kwenye kikalio chake, akaibadilisha, akaifunga tepu nyeusi. Akaniuliza kwa adabu, mama, kwani nyumbani kwako kuna nini? Nikamwambia kuna kitu chaitwa Mejumaa. Akaniandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, ati siku ikifa nisiiguse, nimwite aje aione ikiwa imekufa hivyo hivyo. Nimeiweka kifuani na hirizi. Sitamwita. Fundi akija nyumbani Mejumaa atajua.

Nimerudi. Kona. Hirizi. Kimya.

Jumatano, 5 Novemba

Kadenge amepeleka tena. Siandiki zaidi kuhusu hilo.

Jicho halitoki kwa dawa peke yake. Lazima mwenye jicho mwenyewe aseme mashallah, akitazama kitu chenyewe. Basi kazi ni kumsemesha. Nimeoka mkate wa sinia, ule wa iliki nyingi, nimeukata vipande, nimevuka njia kwa Mejumaa na sahani yangu ya maua. Baiskeli nimeiegemeza mlangoni kwangu, wazi, ufunguo umewashwa, taa yang'aa.

Nimekaa. Tumeamkiana subalkheri, nimeuliza watoto, nimeuliza watoto wa watoto, nimeuliza mguu wake. Kisha nikasema, shoga, waionaje baiskeli yangu. Akasema nzuri. Nikasema, nzuri tu? Akasema nzuri sana. Nikasema mtu akiona kitu kizuri sana kwenu Kinango husemaje? Akasema husema kizuri sana. Nikaanza kutoka jasho. Nikamwambia itazame vile inavyong'ara, itazame kikapu kile, itazame kiti. Ameitazama kwa muda mrefu. Mimi nimemsogezea sahani.

Akasema, "Bi Badria, ile taa yako ya nyuma yawaka mchana kutwa. Ni lazima?"

Wivu! Hata taa anionea!

Kisha akauma mkate. Akafumba mato. "Mashallah," akasema. "Mashallah, tabarakallah, mkate huu!"

Mkate! Mashallah yote imeangukia mkate! Nimekirudia kipande kilichobaki kukitazama, hakikuwa na shida yoyote tangu mwanzo.

Sahani yangu amebaki nayo, maana kwetu sahani hairudi tupu. Alasiri imerudi na kaimati, zimelowa shira vizuri. Nimezila zote kwa hasira.

Nimefunga hirizi ya pili. Kwenye ulimi wa kulia.

Alhamisi, 6 Novemba

Hirizi mbili, kimya mara mbili. Kadenge akapeleka.

Nimewaza: labda si jicho peke yake, labda na Riyadh kaniuzia ugonjwa. Nimekwenda kwake avunje mabadilishano. Nimemkuta nyuma ya duka amevua ndara, aipiga friji yangu teke. Apiga juu. Si juu, ni chini kidogo.

Tumetazamana.

Akaanza yeye. Ati mamangu, friji hii haijakupa taabu? Nikamwambia haijanipa. Mimi ndiye niliyeipa. Nikamuuliza, na bibi wa kanisani, akisali dini gani hiyo, akarudi na ubavu umechubuka? Akaangalia chini. Akasema baiskeli ilitoka kwenye kontena. Hamjui bibi wala kanisa. Nikamwonyesha mahali pa teke. Friji ikanguruma. Tumeagana kwa heshima. Hakuna aliyedai kitu chake.

Nasser amepiga simu adhuhuri. Ameuliza baiskeli vipi. Nimesema yanguruma. Sikusema wapi. Akasema chumba changu Nyali amekwisha kukipaka rangi, kwa tahadhari tu. Rangi gani, nikamuuliza. Krimu. Krimu! Rangi ya mtu anayengojea kufa.

Baada ya simu nimekaa jikoni. Jiko hili Abdullah alinijengea mwenyewe, kimo changu, kwa futi yake ya kupimia nguo. Kaamini ukuta na kiuno ni mamoja. Umekwenda upande kidogo. Nimeupaka masizi miaka arubaini na tano, sijaupaka krimu.

Mejumaa ameingia bila hodi, ati amekuja na chungu changu alichoazima kwangu mwezi wa Ramadhani. Alinikuta navuta pua. Akauliza ni nini. Nikasema kitunguu. Akatazama meza, kitunguu hakuna. Akasema kitunguu kikali hicho, kimejimenya kikaondoka. Akakaa. Amenichambulia mchele wa pilau wote wa kesho, chuya moja moja, huku akiutukana mchele wangu kuwa ni wa kuku.

Sijui ataka nini mwanamke huyu.

Alipotoka nimefungua kile kikaratasi. Nimempigia Kenga. Mejumaa na ajue, alichobakisha kuona ni nini?

Ijumaa, 7 Novemba

Siku ya hukumu.

Kenga amefika saa mbili, mahamri yamekwenda na Kadenge tayari. Nimempa chai na mahamri yenye kidole, kisha nimemtolea baiskeli nje kama ilivyo. Mejumaa barazani. Watu wawili watatu wamesogea, mtaa wetu haukosi wataalamu. Nimewasha ufunguo, nimezungusha. Kimya.

Kenga hakuigusa betri. Hakutoa mita. Ameinama nyuma, akaitazama taa nyekundu. Akaja mbele, akaitazama mikono. Akauliza, mama, hivi vyeusi ni nini?

Nikamwambia ni vitu vya dini, asiviulize. Akasema sawa, lakini baiskeli ikija kwake havipo. Nikasema havipo kwa sababu kwake pana choo. Kenga akakaa chini kwenye kizingiti changu, akaficha uso kwa mikono. Mabega yalikuwa yatikisika. Nilidhani amepandwa na mashetani.

Aliponyanyuka akaeleza, kwa sauti ambayo angeweza kuipunguza. Ati ndani ya ulimi wa breki mna kidude. Ukivuta breki hata unywele mmoja, kidude chakata umeme wa mota, ili baiskeli isikimbie nawe ukitaka kusimama, na taa ya nyuma yawaka kuwaonya walio nyuma. Ati uzi wangu umeivuta breki. Ati tangu Jumapili nimekuwa nimesimama. Betri nzima, mota nzima, kutu ilikuwa kidogo, fyuzi haikuwa na neno. Ugonjwa ni mafundo yangu saba.

Mejumaa amecheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Akasema aliniambia habari ya taa.

Nimemruhusu Kenga afungue. Kwa kisu hapana, nimesema, kwa vidole. Taa ikazimika. Akazungusha mshiko, ikanguruma kama paka, mbele ya Mejumaa, mbele ya wataalamu. Hirizi zote mbili ameshauri zikae kikapuni ndani ya karatasi ya nailoni. Nimekubali kwa shingo upande.

Kenga ajua umeme, simnyimi. Lakini kuna jambo hakulijibu. Uzi ulibana kwa nini? Nimefunga hirizi maisha yangu yote, kwenye watoto, kwenye mbuzi, kwenye cherehani ya Abdullah. Hakuna iliyomzuia mbuzi kutembea. Jicho ndilo lililoukaza ule uzi. Fundi haoni mambo hayo, mita yake ina mikia miwili tu.

Nasser amekuja baada ya sala, kanzu nyeupe, harufu ya udi. Amekula pilau sahani mbili, kisha akaanza kesi. Alikwisha kumpigia Morgan. Morgan amemwambia kila siku saa moja mahamri yalikuwa mezani, ya moto, na siku hizi yana nakshi. Nasser akasema bado, ataka kusikia kwa jirani. Akavuka njia. Mimi nyuma yake.

Akamwamkia Mejumaa shikamoo mama. Akamuuliza amwambie kweli, mamake wiki hii alikosa kupeleka siku yoyote?

Mejumaa akaniangalia. Neno moja tu, jina la Kadenge, na mimi niko Nyali na krimu. Wateja wangu wote wangekuwa wake kabla ya Jumapili.

"Mwanangu," akasema, "wateja wa mamako hawakukosa mahamri hata siku moja. Na mimi nimekaa hapa hapa kila asubuhi, nimemuona akitoka na baiskeli yake."

Kweli tupu! Hakuna hata neno la uongo mle! Mwanamke wa hatari.

Nasser akataka kuniona nikiipanda. Nimepanda, nimeizungusha mpaka kona na kurudi, kengele juu, paka wamekimbia. Amenibusu kichwa. Akasema haya mama, baki. Chumba cha krimu atakiwekea pasi na nguo.

Nimerudi jikoni. Kitunguu tena.

Kisha nimepakua pilau sahani kubwa, nyama ya juu juu, kachumbari, ndizi, nimempelekea Mejumaa. Nimemwambia asidhani ni shukrani, imebaki tu. Akasema ajua. Akasema kwani mimi nikihama, nani atamtukana kila asubuhi? Wasichana wa siku hizi hawajui kutukana, hutaja mwili tu, hawataji ukoo.

Hilo ni kweli kabisa.

Jumanne, 11 Novemba

Siku tatu napeleka mwenyewe. Yaenda! Wapagazi wananiita rubani.

Leo jambo kubwa. Mejumaa naye amechukua baiskeli ya umeme kwa Riyadh, ati Kadenge mgongo wamuuma, apumzishwe mkokoteni. Imekuja jana magharibi. Nyekundu. Mpya kuliko yangu. Ina vikapu viwili. Mtaa mzima umesimama kuitazama, wanaume, wanawake, hata muuza kahawa ameweka dele chini. Nimesikiliza kwa makini. Nzuri, wamesema. Kali. Yameremeta. Mashallah haikusema nafsi moja! Nilisema mimi peke yangu, mara tatu, lakini mdomo mmoja utaziba mato mangapi?

Sikuweza kulala na jambo hilo. Mwanamke ameninusuru. Nimwache aliwe na macho ya watu?

Kabla ya sala ya alfajiri nimevuka njia kwa ncha za vidole. Baiskeli yake imefungwa mnyororo barazani. Nimechukua zile hirizi zangu mbili, nimeziondoa kikapuni. Nimekumbuka maneno ya Kenga, sikuyasahau. Kikapuni kunafaa kwa baiskeli kuukuu kama yangu, iliyochubuka, isiyotamaniwa na mtu. Hii ya Mejumaa ni nyekundu. Husuda yake si ya kikapuni. Nimezifunga kwenye ndimi za breki, kulia na kushoto, uzi mara saba saba, na kwa kuwa nampenda, nikaongeza ya nane. Nimekaza kwa meno yote manne.

Saa kumi na mbili na nusu nimekaa dirishani na chai yangu. Mejumaa ametoka, Kadenge ametoka na kofia mpya. Wamepakia. Kadenge amewasha ufunguo. Taa ya nyuma ikawaka, nyekundu, nzuri, haizimiki. Nikasema moyoni, imeshika!

Kadenge akazungusha mshiko.

Kimya.

Akazungusha tena. Mejumaa ameshika kiuno. Kadenge ameinama chini kutazama minyororo, mtu wa watu, atazama kila mahali.

Nimeteremka mbio mbio, kwa kadiri ya magoti. Nimewaambia wasihangaike, mahamri yao yaingie kikapuni kwangu, leo nitapeleka yote, ya upepo na ya kweli. Na kuhusu baiskeli, nimemshika Mejumaa mkono, nimemwambia shoga, mimi nimepitia haya, hilo ni jicho tupu. Mchana nitakupeleka mwenyewe Makupa kwa Kenga. Na hizo nyeusi hapo kwenye ndimi za breki usiulize ni za nani. Tukikaribia tutazifungua, nitakushikia mimi kifuani, maana pale pana choo.